Yurea ya Mama Ilikwenda Wapi?

Masika ya mwaka jana mama alinipigia simu kabla jua halijachomoza, na baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka. "Mahindi yangu yamekuwa manjano, mwanangu. Na mbolea nimetia."

Shamba lake liko kusini mwa mji wa Tanga, upande wa Tongoni, eka moja kasoro kidogo, kati ya minazi aliyoacha babu na nyumba aliyojenga marehemu baba. Udongo wa huko ni kichanga cheupe kilicholalia mawe ya matumbawe. Ukichimba shimo la mgomba unagonga jiwe kabla hujachoka, na ukilipasua unakuta umbo la tumbawe limo ndani, maana zamani palikuwa bahari. Mimi nafundisha kemia katika sekondari moja mjini. Kwa mama, mtu anayefundisha kemia lazima ajue mahindi yanaugua nini, na nadhani ana haki. Jumamosi nikapanda daladala.

Sikuhitaji kupima kitu. Majani ya juu yalikuwa kijani hafifu, ya chini ndiyo yaliyougua. Umanjano ulianzia kwenye ncha ukarudi nyuma kufuata uti wa jani, kingo zikabaki kijani, ukitazama unaona herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukiikosa huibomoa ile iliyomo kwenye majani makuukuu na kuipandisha kwenye majani machanga, ndiyo maana dalili huanzia chini. Ingekuwa upungufu wa salfa, umanjano ungeanzia juu.

"Ulitia lini, mama?"

"Wiki tatu sasa. Yurea, kisoda kimoja kila shina, kama bwana shamba alivyotufundisha."

"Ulifukia?"

Akanyamaza, akaokota kifuu cha nazi njiani akakitupa kando. "Kijana wa duka la pembejeo kaniambia mwaga tu, mvua itaishusha. Na miye siku ile mgongo ulinikamata."

Mvua ilikaa siku nane bila kunyesha. Mama akaniambia jambo jingine ambalo yeye aliliona dogo: asubuhi ya siku ya tatu alipita shambani akasikia harufu ya banda la mbuzi lililofungwa usiku kucha. Akadhani mbuzi wa jirani wamelala humo, akatafuta kwato mchangani asizione.

Harufu ile ilikuwa mbolea yake inaondoka.

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mama alitia mifuko miwili, aliyoinunua kwa pesa ya nazi alizoangusha na kuzifua kwa mkono wa kibarua na wake mwenyewe. Kwa hiyo kilo 46 za naitrojeni ziliingia shambani, na mahindi hayakuzipata. Nimekuwa nikilifuata swali hilo tangu siku ile: zilikwenda wapi?

Uchungu wa jambo hili ni kwamba shamba lile limefunikwa na naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78. Hewa inayoikalia mita moja ya mraba ya ardhi, kutoka usawa wa nyasi hadi mwisho wa anga, ina uzito wa tani 10 hivi, na zaidi ya tani 7 kati ya hizo ni naitrojeni. Mama akisimama na kisoda chake, juu ya kila hatua anayopiga kuna naitrojeni ya kujaza lori. Na mahindi yanakufa njaa.

Sababu ni jinsi inavyoishi. Hewani atomi za naitrojeni hukaa mbilimbili, na kila jozi imeshikana kwa vifungo vitatu, miongoni mwa vifungo vigumu kuvunja kuliko vyote tunavyovijua. Jozi hizo hazina rangi, hazina harufu, hazishikani na kitu kwa urahisi. Ndiyo maana gesi hii hujazwa kwenye mifuko ya krispu zisichache, na ikipozwa hadi kuwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, hutunza mbegu za madume kwa wafugaji wanaotumia uhimilishaji. Daniel Rutherford aliitenga Edinburgh mwaka 1772 akaona kiumbe hakiishi ndani yake. Lavoisier akaiita azote, jina la Kigiriki lenye maana ya kukosa uhai. Kila nikifundisha jina hilo kidato cha tatu naona limeionea, kwa sababu hakuna nyama, jani wala damu isiyo na naitrojeni ndani yake. Inachohitaji ni kuvunjwa vifungo kwanza.

Darasani nina jaribio moja nalipenda kuliko yote. Nawasha kipande cha utepe wa magnesi, kinawaka kwa mwanga mweupe ambao nawakataza wanafunzi kuukodolea macho. Inabaki jivu. Wote wanajua jivu lile ni magnesi iliyoshikana na oksijeni. Kisha nadondoshea maji matone mawili, nashikilia juu yake karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa, na karatasi inageuka buluu polepole huku wale wa mbele wakikunja pua: amonia. Moto wa magnesi ni mkali kiasi cha kuipasua hata naitrojeni ya hewani, na sehemu ya jivu ni naitraidi, yaani naitrojeni iliyopokea elektroni tatu ikawa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, hapa hasi tatu. Ioni hiyo haivumilii maji. Ikiguswa nayo tu inachukua haidrojeni na kuwa amonia. Mara ya kwanza nilipoliona jaribio hili nilikuwa na miaka kumi na sita, na nafikiri ndilo lililonifanya mwalimu.

Radi nayo huipasua, na kila masika mvua ya ngurumo hushuka na naitreti kidogo, yaani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni. Viwandani kazi hiyo ilianza kwa Fritz Haber mwaka 1909, kisha Carl Bosch akaikuza hadi kiwanda cha kwanza kule Oppau, Ujerumani, mwaka 1913: naitrojeni na haidrojeni, joto la nyuzi 400 na zaidi, mgandamizo wa mara 200 hivi ya hewa ya kawaida, na chuma cha kuchochea. Inakadiriwa karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula kwa sababu ya amonia hiyo. Amonia hiyohiyo ilitengeneza baruti ya vita vya 1914, na sisi wa Tanga tuliopata kuonyeshwa makaburi ya askari wa vita vile hatuwezi kulipita jambo hilo tukasema ni la mbali.

Tanga pia ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 na kusimama mwaka 1991. Malighafi nyingi zilikuja kwa meli, na miongoni mwa mbolea zilizotoka ni salfeti ya amonia, ambayo wakulima hadi leo wanaiita SA. Baba yangu mkubwa alikuwa kibarua huko. Alikuwa akisema amonia haikusubiri uinuse, ilikukamata koo kwanza.

Sasa turudi kwenye kichanga cha mama.

Yurea yenyewe haina chaji. Ni punje inayoyeyuka upesi majini, hata kwa umande. Udongoni kuna kimeng'enya kinachoitwa yurease, kilekile kinachofanya mkojo mbichi usio na harufu kali ugeuke mkali baada ya siku, na ndani ya siku chache kimeigeuza yurea kuwa amonia. Hapo njia zinagawanyika, na kinachogawanya ni ioni moja ndogo ya haidrojeni. Amonia ikiipata, inakuwa amoniamu, ioni yenye chaji chanya, haina harufu na hairuki. Amonia ikiikosa, inabaki gesi na inaondoka na upepo.

Kule milimani, Lushoto au Amani, udongo mwekundu una tindikali, ioni za haidrojeni zimejaa, na chembe za mfinyanzi zina chaji hasi. Amoniamu ikizaliwa humo inashikwa na mfinyanzi kama kitambaa kwenye miiba, mizizi inakuja kuichukua kwa wakati wake. Huku kwetu pwani jiwe la matumbawe ni chokaa, na chokaa inazimeza ioni za haidrojeni. Zaidi ya hayo, punje ya yurea ikivunjika hupandisha ualikali wa udongo unaoizunguka. Kwenye pH, yaani kipimo cha tindikali na ualikali, ya karibu 9.2 nusu ya amoniamu inakuwa gesi. Ongeza jua la mchana, kichanga kikavu kisicho na mfinyanzi wa kushika kitu, siku nane bila mvua, na kisoda cha yurea kilichoachwa juu juu. Mama aliipandisha hewani sehemu kubwa ya mifuko ile kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Linaniuma hili. Kufukia yurea sentimita tano ni kazi ya kijembe na dakika moja kwa shina. Amonia ikitoka chini hukutana na unyevu na udongo kabla haijafika juu. Elimu hiyo inaweza kuandikwa kwenye mfuko kwa sentensi moja. Badala yake mama wa miaka sitini na tatu aliambiwa mwaga tu.

Ila haikuondoka yote kwa juu. Mvua ya siku ya tisa ilikuta bado kuna amoniamu mchangani, na hapo wanaingia bakteria. Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha, karibu na mwaka 1890, kwamba ni makundi mawili: moja linaigeuza amoniamu kuwa naitraiti, jingine linaipokea naitraiti na kuifanya naitreti. Wanaishi kwa nishati ya kazi hiyo. Kwa mmea naitreti ni chakula kizuri sana. Kwa udongo ni mgeni asiyekalika, kwa sababu ina chaji hasi na chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana. Juu ya hapo, chumvi za naitreti karibu zote huyeyuka majini. Maji yakishuka, inashuka nayo.

Kwa sababu hiyo huwezi kuokota jiwe la naitreti Tanga. Mvua ingeshalipeleka baharini. Duniani limbikizo kubwa liko jangwa la Atacama, Chile, mahali ambapo mvua ni hadithi, na mwaka 1879 Chile ilipigana na Peru na Bolivia kwa ajili ya ardhi hiyo. Mahali pengine pa kuikuta ni pakavu kwa namna nyingine: mapangoni, chini ya popo. Kinyesi cha popo kinatoa amonia, bakteria wanaigeuza naitreti, na mvua haiingii kuiosha. Watu wa nchi nyingi wamekwangua sakafu za mapango kupata shura, yaani chumvi ya naitreti. Neno hilo wazee wetu walikuwa nalo muda mrefu kabla ya kemia kufundishwa, kwa sababu bila shura hakuna baruti ya gobori: shura, makaa na kiberiti, yaani salfa. Nilipelekwa mapango ya Amboni nikiwa darasa la tano, na ninachokikumbuka kuliko miamba yenyewe ni ule mwendo wa mabawa juu gizani na harufu iliyochoma pua. Miaka ishirini baadaye mama akaielezea harufu hiyohiyo akiwa katikati ya mahindi.

Kona ya bondeni, maji yanapotuama, naitreti iliishia kwingine. Udongo ukijaa maji oksijeni inakwisha, na bakteria wengine huvuta oksijeni iliyomo kwenye naitreti kama sisi tunavyovuta hewa. Naitrojeni inarudi angani ilikotoka, jozi kwa jozi, na sehemu kidogo inatoka kama naitrasi oksaidi, gesi inayotia joto dunia zaidi ya mara 250 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi.

Iliyobaki ilikwenda kisimani.

Kisima cha nyumbani kina kina cha mita sita. Baba alikichimba, maji yake ni matamu, na majirani wa nyumba nne wanachota hapo. Kiko chini ya shamba, na choo cha shimo kiko hatua kumi na nne upande wa juu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na karatasi za kupimia. Unachovya sekunde moja, unasubiri dakika moja. Miraba miwili iko kwenye karatasi, mmoja wa naitraiti, mmoja wa naitreti. Wa kwanza ulibaki mweupe. Wa pili ulianza na waridi hafifu kama ukucha wa mtoto, ukazidi kukoza huku mama ameinama begani kwangu, ukaipita rangi ya 50 kwenye kopo. Miligramu 50 kwa lita ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa.

Siwezi kuibebesha yurea lawama yote. Choo kile kina miaka zaidi ya thelathini, na mkojo ni yurea pia. Friedrich Wöhler alipoitengeneza maabara mwaka 1828, aliushangaza ulimwengu kwa sababu ilikuwa kitu kilekile kinachotoka mwilini. Maji ya chini hayatofautishi ya dukani na ya chooni.

"Basi tutachemsha," mama akasema. Nimelisikia neno hilo kwa watu wengi mno, wengine wasomi, na kama kuna sehemu moja ya makala hii ningependa uichukue uende nayo jikoni kwako ni hii. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa ajili hiyo usiache kuchemsha. Naitreti haifi kwa sababu haikuwa hai, na hairuki kwa sababu ni chumvi. Sufuria ikichemka maji ndiyo yanayopungua, chumvi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina naitreti nyingi kidogo kuliko mwanzo. Kitambaa hakiichuji. Dawa ya kutibu maji haiiondoi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha utakayoitambua.

Mtu mzima mwenye afya huivumilia. Hata mchicha una naitreti nyingi. Aliyenitisha ni mtoto wa mdogo wangu, miezi mitatu, aliyekuwa akikaa na bibi yake siku za kazi, akinywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kile. Tumboni mwa mtoto mchanga tindikali ni kidogo, bakteria huweza kuigeuza naitreti kuwa naitraiti, na naitraiti ikiingia damuni huiharibu chuma iliyo ndani ya himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Mtoto anabadilika rangi midomoni na kwenye kucha, anakuwa wa buluu ya kijivu. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alilieleza hilo mwaka 1945 kwa watoto walionyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Maziwa ya mama hayana hatari hii.

Mtoto wetu hakuumwa. Nilimtazama kucha zake jioni ile zaidi ya mara kumi, na mama akawa ananitazama mimi. Tangu hapo maji ya mtoto yanatoka kwenye bomba la jirani, dumu la lita ishirini kwa siku mbili, na majirani wenye watoto wachanga nimewaendea mmoja mmoja.

Vuli ilipoingia mama hakununua yurea. Alipanda kunde eneo lote la juu, kama bibi alivyokuwa akifanya udongo ukichoka. Wiki ya sita nikamwomba ruhusa ya kung'oa shina moja. Tulilichimba kwa panga kwa uangalifu, tukalisuuza kwenye beseni la maji ya kisima, mchanga ukazama, na mizizi ikajitokeza na vinundu vyake, vingine kama punje ya uwele, vingine karibu na choroko. Nilikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Damu," mama akasema.

Ni ndugu ya damu kweli. Ndani ya kinundu wamo bakteria wanaoivunja naitrojeni ya hewani bila moto, bila mgandamizo, kwa joto la kawaida la ardhi ya Tongoni. Kimeng'enya chao kinaharibiwa na oksijeni, kwa hiyo mmea hutengeneza himoglobini yake, yenye chuma kama yetu, kuidhibiti oksijeni isiwaletee madhara. Mjerumani Hellriegel na mwenzake Wilfarth ndio waliothibitisha miaka ya 1880 kwamba mimea jamii ya kunde huchukua naitrojeni hewani kupitia vinundu. Kinundu kikiwa cheupe au kijani ndani, hakifanyi kazi. Na udongo ukiwa na naitreti nyingi, kunde haijisumbui sana kuvifuga.

Mama alichagua kinundu kikubwa akakipasua mwenyewe, akakisogeza puani. "Hakinuki amonia."

"Hainuki kwa sababu haipotei, mama. Inaingia kwenye mmea moja kwa moja."

Akaitazama ile rangi kwenye ukucha wake kwa muda. Kisha akalirudisha shina shimoni, akalishindilia kwa kiganja, akainua beseni na kumwagia polepole yale maji ya kisima, yote, hadi mchanga wa chini.